Mwanga Juu ya Bahari: Jeshi Huchunguzaje Kisichotambulika Angani

Mtu akipiga video ya nukta ya mwanga juu ya bahari kutoka Mama Ngina, ufukweni Mombasa, na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, haipiti robo saa kabla majibu hayajawa matatu: ni droni, ni majini, ni mitambo ya Wamarekani. Video hiyohiyo ikifika mezani kwa mchunguzi wa kijeshi, hayo yote huwekwa kando. Kwanza hutafuta umbali. Umbali usipojulikana, ukubwa, kimo na kasi havijulikani pia, na kesi haina pa kuanzia.

Hesabu yake ni nyepesi. Nyosha mkono mbele na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10 za anga. Tuseme kitu kimekatiza upana huo kwa sekunde 2. Kikiwa mita 200 kutoka kwako, kimesafiri mita 35, sawa na kilomita 63 kwa saa. Huyo ni ndege anayerudi kulala mikokoni. Kikiwa kilomita 20 kutoka kwako, mwendo uleule unakuwa karibu kilomita 6,300 kwa saa, mara tano ya kasi ya sauti. Machoni hali hizi mbili zinafanana kabisa. Nukta ya mwanga kwenye giza haina kitu cha kulinganishwa nacho, kwa hiyo mtazamaji hubahatisha umbali bila kujua kwamba amebahatisha. Rubani mzoefu naye hubahatisha, ila yeye huaminiwa haraka zaidi, na hapo ndipo tatizo linapoanza.

Kwa nini jeshi lijisumbue basi? Si kwa kutafuta wageni kutoka sayari nyingine, ingawa ndicho magazeti hupenda kuandika. Jeshi lina hofu za kidunia kabisa: kitu kisichojibu redio kinaweza kugongana na ndege, au kikawa chombo cha upelelezi cha nchi nyingine. Kuna na hofu ya tatu inayosahaulika. Mnamo Januari 1953 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliita jopo la wanasayansi chini ya H. P. Robertson. Jopo hilo halikuona ushahidi wa tishio kwenye vitu vyenyewe. Lilichoogopa ni wingi wa ripoti: siku adui akishambulia kweli, njia za mawasiliano zitakuwa zimezibwa na watu wanaopiga simu kuhusu nyota.

Wimbi la ripoti lilikuwa limeanza tarehe 24 Juni 1947, pale Kenneth Arnold, akiendesha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliporipoti vitu tisa vinavyokwenda kwa kasi kubwa. Magazeti yakavibandika jina la visahani vinavyoruka. Jeshi la Anga la Marekani likaanzisha mradi wa Sign mwaka 1948, ukafuatiwa na Grudge mwaka 1949, kisha Blue Book mwaka 1952, wote wenye makao katika kambi ya Wright-Patterson karibu na Dayton, Ohio. Hadi Blue Book inafungwa Desemba 1969, ripoti 12,618 zilikuwa zimekusanywa, na 701 kati yake zilibaki bila maelezo, takriban asilimia 5.6.

Mkuu wa kwanza wa Blue Book, Edward Ruppelt, aliacha jambo moja la maana kuliko takwimu hizo. Aliomba Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kitengeneze fomu ya maswali ya aina moja kwa mashahidi wote. Kabla ya hapo kila afisa aliuliza alichotaka, na ripoti mbili za usiku mmoja hazikuweza kulinganishwa. Fomu nzuri haiulizi shahidi "kilikuwa kilomita ngapi?" Inauliza vitu anavyoweza kuvijua kweli: ulisimama wapi, ulitazama upande gani, kilikuwa nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho, kilipita mbele au nyuma ya wingu, kilionekana kwa muda gani na kilitowekaje. Swali la wingu lina thamani kubwa. Kitu kikipita mbele ya wingu, umbali wake una kikomo, maana kimo cha wingu kinaweza kupatikana kwa watu wa hali ya hewa.

Ripoti ikishapokewa, kazi inayofuata ni ya kuchosha: kutoa kimoja kimoja. Mchunguzi anachukua saa kamili na mahali, kisha anaulizia ndege zilizokuwa angani, mazoezi ya kijeshi, maputo ya hali ya hewa, njia za setilaiti, sayari zilizokuwa juu, vimondo na roketi zilizorushwa. Saa ikikosewa kwa dakika kumi, kazi yote inaharibika. Setilaiti iliyo kilomita 550 juu hukatiza anga kwa dakika chache tu, kwa hiyo kosa la dakika kumi linaiondoa kabisa kwenye orodha, na mwanga wa kawaida unaingia kwenye faili la maajabu. Maputo nayo yana ratiba. Duniani kote maputo ya kupima hali ya hewa hurushwa kwa saa za pamoja, ambazo kwa saa za Kenya huangukia karibu na saa tisa alasiri na saa tisa usiku. Hupanda hadi kama kilomita 30, yakivimba kadiri hewa inavyopungua, hadi yapasuke.

Wengi hudhani rada humaliza ubishi. Rada hutuma wimbi la redio, husubiri mwangwi urudi, na kwa kupima muda wa safari hiyo hupata umbali. Kwa hilo imelishinda jicho mbali sana. Lakini nayo ina njia zake za kudanganyika, na mbili zinafaa kueleweka vizuri.

Ya kwanza ni hewa yenyewe. Kwa kawaida joto hupungua takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita unayopanda. Usiku mwingine mpangilio hupinduka, hewa ya joto ikakaa juu ya hewa baridi yenye unyevu. Wimbi la rada likiingia hapo hupinda kuelekea chini, likagonga magari, majengo au mashua zilizo mbali, na mwangwi ukarudi kana kwamba umetoka angani. Tabaka hilo likitikisika, nukta kwenye skrini huruka huku na huko kwa kasi isiyo na mantiki. Ndivyo Jeshi la Anga la Marekani lilivyoeleza nukta zilizoonekana kwenye rada za jiji la Washington katika wikendi mbili za Julai 1952, wakati ndege za kivita ziliporushwa kuzifuata. Wapo waliokuwa zamu usiku ule ambao hawakukubali maelezo hayo, na ni haki yao. Hata hivyo fizikia yake ni sahihi na hupimika. Kwenye bahari ya joto kama yetu, unyevu hupungua haraka kadiri unavyopanda kutoka usawa wa maji, na mawimbi ya redio hupinda mara nyingi.

Njia ya pili ni kichujio. Rada inayoonyesha kila mwangwi ingejaa mawimbi ya bahari, makundi ya ndege na mvua, hivyo kompyuta yake huambiwa itupe vitu vinavyokwenda polepole. Puto ni kitu kinachokwenda polepole. Februari 2023 ilionyesha jambo hili waziwazi. Tarehe 4 Marekani iliangusha puto kubwa la Kichina karibu na pwani ya South Carolina. Baadaye Jenerali Glen VanHerck, kamanda wa ulinzi wa anga wa Amerika Kaskazini, alieleza kwamba walikuwa wamebadili vichujio vya rada ili vionyeshe vitu vidogo vya polepole. Ghafla anga likawa na wageni. Tarehe 10, 11 na 12 vitu vitatu viliangushwa mfululizo, karibu na Alaska, katika eneo la Yukon nchini Kanada, na juu ya Ziwa Huron, kwa makombora ambayo kila moja hugharimu zaidi ya dola 400,000. Tarehe 16 Rais Biden alisema huenda vilikuwa vya kampuni binafsi, vya burudani au vya utafiti. Klabu ya wapenzi wa maputo madogo huko Illinois ilikuwa imepoteza mawasiliano na puto lake lililokuwa likielekea upande wa Yukon siku hizohizo. Vitu vya aina hiyo vilikuwa vikipita siku zote, na kilichobadilika wiki ile ni mpangilio wa mashine.

Rada ya kuongozea ndege za abiria ina udhaifu mwingine. Kwa sehemu kubwa hutegemea ndege yenyewe ijitambulishe kwa kifaa cha redio kilichomo ndani yake. Kisichojibu kinaweza kisionekane vizuri, au kisionekane kabisa. Kwa hiyo "mnara haukuona kitu" haimaanishi hakukuwa na kitu.

Kamera za joto ndizo zimeleta kelele kubwa zaidi miaka hii. Aprili 2020 Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilitoa rasmi video tatu zilizopigwa na marubani wa Jeshi la Wanamaji, moja ya mwaka 2004 na mbili za 2015. Katika moja ya hizo za 2015, nukta ndogo inaonekana ikichapa mbio juu ya bahari huku marubani wakishangilia. Uzuri wa video hii ni kwamba namba zimeandikwa kwenye picha, kwa hiyo yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuipima. Ndege iko futi 25,000. Kamera inatazama nyuzi 26 chini ya usawa. Umbali hadi kwenye kitu ni maili 4.4 za baharini, sawa na futi 26,700 hivi. Zidisha kwa sine (uwiano wa pembe, kitufe cha "sin" kwenye kikokotoo) ya nyuzi 26, ambayo ni 0.438, unapata futi 11,700. Kitu kiko hizo futi 11,700 chini ya ndege, yaani kama futi 13,000 juu ya bahari. Hakigusi mawimbi hata kidogo.

Mbio zile zimetoka wapi, basi? Zimetoka kwa ndege ya kivita yenyewe. Ukiwa dirishani kwenye matatu ya Malindi ukakaza macho kwenye mti wa karibu, minazi ya nyuma yake huonekana ikikimbia, ilhali anayekimbia ni wewe. Bahari iliyo mbali nyuma ya nukta ile ilifanya hivyohivyo. Jopo huru la NASA lililoongozwa na David Spergel lilichapisha hesabu hii Septemba 2023, likapata mwendo wa wastani wa maili 40 kwa saa, kama kilomita 64, mwendo wa kitu kinachobebwa na upepo. Novemba 2024 Jon Kosloski, mkuu wa ofisi ya Pentagon inayoshughulikia mambo haya, aliliambia Bunge la Seneti vivyo hivyo. Kitu chenyewe ni nini, hesabu haisemi. Inasema tu kwamba sababu ya kushangaa imeondoka.

Mei 2022 kulikuwa na somo jingine, safari hii mbele ya kamati ya Bunge la Wawakilishi. Scott Bray, naibu mkurugenzi wa ujasusi wa Jeshi la Wanamaji, alieleza kwamba pembetatu zinazowakawaka kwenye video ya manowari zilitokana na mwanga wa droni kupitia miwani ya kuonea usiku na kamera. Nukta ya mwanga isiyolengwa sawasawa kwenye lenzi huchukua umbo la tundu linalopitisha mwanga. Tundu likiwa pembetatu, nukta inakuwa pembetatu. Simu yako hufanya mchezo huohuo: ukivuta picha ya nyota hadi mwisho, inakuwa duara linalotetemeka lenye "muundo" ndani.

Sasa siri. Hili ndilo linalowakera watu zaidi, na wanakereka kwa haki. Tarehe 7 Januari 1948 Kapteni Thomas Mantell alikifuata kitu king'aacho juu ya Kentucky kwa ndege ya F-51, akapanda zaidi ya futi 20,000 bila oksijeni, akaanguka na kufa. Wachunguzi walisema kwanza ni sayari ya Zuhura. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni puto la Skyhook, mradi wa siri wa Jeshi la Wanamaji, ambalo waongozaji wa Jeshi la Anga waliokuwa zamu hawakuwa na habari nalo. Ndege ya upelelezi ya U-2, iliyoruka zaidi ya futi 60,000 wakati ndege za abiria zilikuwa chini sana, ilimulikwa na jua wakati chini ni giza. Mwanahistoria wa CIA, Gerald Haines, aliandika mwaka 1997 kwamba safari za ndege hizo za siri zilichangia zaidi ya nusu ya ripoti za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka mingi ya 1960. Wachunguzi waliojua ukweli hawakuruhusiwa kuusema, wakabuni sababu za hali ya hewa. Serikali iliyodanganya juu ya puto isishangae ikikosa kuaminiwa juu ya jingine.

Leo ofisi ya Pentagon, AARO, iliyoanzishwa Julai 2022, hupokea taarifa kutoka kwa wanajeshi na watumishi wa serikali. Ripoti yake ya Novemba 2024 ilitaja taarifa 757. Kati ya hizo, 444 ziliwekwa hifadhini kwa kukosa data ya kutosha, na 21 zikaonekana kustahili uchunguzi zaidi. Ofisi hiyo inasema haijapata ushahidi wa teknolojia ya nje ya dunia. Wafaransa hupanga faili zao vizuri zaidi, kwa maoni ya wengi wanaofuatilia jambo hili. Kitengo chao cha Toulouse, chini ya shirika la anga la CNES tangu 1977, ni cha kiraia, ingawa askari wa jandarmeri, polisi wa kijeshi wa huko, hukisaidia kuchukua maelezo ya mashahidi. Kina madaraja manne: A ni kilichotambuliwa, B kilichotambuliwa kwa uwezekano mkubwa, C kisichoweza kutambuliwa kwa upungufu wa data, D kisichotambuliwa ingawa data ipo. Daraja la D ni takriban asilimia 3. Kuzichanganya C na D, kama wanavyofanya watu mitandaoni, ni kuharibu kila kitu.

Ni haki kutaja kinachokwenda kinyume. Uchambuzi wa taasisi ya Battelle wa kesi 3,201 za Blue Book uligundua kwamba kesi zenye ubora wa juu zilikuwa na asilimia kubwa zaidi ya zisizotambuliwa, si ndogo. Na katika tathmini ya Marekani ya Juni 2021, kati ya taarifa 144, 80 zilihusisha zaidi ya kifaa kimoja. Moja tu ndiyo iliyotatuliwa, puto kubwa lililokuwa likipungua hewa. Shahidi makini na vifaa viwili havitoi umbali sahihi kila mara, lakini asiyesema haya anauza upande mmoja.

Turudi Mombasa, ambako bahari iko mashariki, na hilo lenyewe huondoa mengi. Zuhura haitoki zaidi ya nyuzi 47 kutoka kwenye Jua. Jioni iko upande wa bara, kule Changamwe, na kufika saa nne usiku imeshatua. Mwanga mkali uliotulia juu ya bahari wakati watu wanaenda kuswali alfajiri, mtuhumiwa wa kwanza ni huyo. Ukiwa juu ya bahari mapema usiku na ukabaki palepale ukipanda taratibu, angalia Mshtarii. Nyota yoyote iliyo chini karibu na upeo hubadili rangi nyekundu, kijani, bluu, kwa sababu nuru yake inapita kwenye hewa nene.

Mwanga unaotoka bara ukielekea baharini bila sauti, kisha ukafifia katikati ya anga bila kutua, karibu kila mara ni setilaiti inayoingia kwenye kivuli cha dunia, na kivuli hicho jioni hupanda kutoka mashariki. Kwetu karibu na Ikweta jua huzama wima, hivyo setilaiti za kilomita 550 humulikwa zikiwa utosini kwa takriban saa moja na nusu baada ya machweo, basi. Msururu wa nukta kama tasbihi ni setilaiti za Starlink siku chache baada ya kurushwa; kundi la kwanza la 60 lilipanda Mei 2019. Maputo ya Loon yaliyobeba mtandao wa Telkom Kenya kutoka Julai 2020 hadi mradi ulipofungwa mwaka uliofuata yaliruka kilomita 20 juu, ambako jua huendelea kuwaka dakika kama 18 baada ya kuzama kwa walio chini.

Ndege inayokuja kutua uwanja wa ndege wa Moi, taa zake zikikuelekea, husimama angani dakika nzima kabla ya kugeuka. Taa ya mashua ya uvuvi iliyo mita 3 juu ya maji huonekana na mtu aliyesimama ufukweni hadi kilomita 11. Ukipanda ghorofa, macho yakiwa mita 30, huonekana kilomita 25 na zaidi, na hewa ya joto inaweza kuiinua ikaonekana inaelea. Mnara wa taa nao si wa kudharauliwa: katika tukio maarufu la Rendlesham, Uingereza, Desemba 1980, mwanga mmoja ambao maafisa wa Marekani waliufuata msituni unaaminiwa na wachunguzi wengi kuwa wa mnara wa Orford Ness, uliowaka kila baada ya sekunde 5.

Kimondo hukatiza kwa sekunde chache. Chombo cha anga kinachorudi na kuvunjika huchukua dakika au zaidi, kikiacha vipande vinavyokwenda pamoja. Vipande vingine hufika chini: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, upana wa mita 2.5, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaichukua kuichunguza. Ukikuta kitu kama hicho usikiguse wala usikate kipande cha kuuza chuma chakavu. Mabaki ya roketi huweza kuwa na mafuta yenye sumu.

Ukitaka taarifa yako iwe na faida, usivute picha. Acha video iwe pana ili paa, mnazi au mlingoti uonekane, maana hivyo ndivyo pembe inavyopimwa baadaye. Egemeza simu ukutani. Anga tupu na mkono unaotetemeka hufanya nyota icheze ngoma. Taja saa kwa sauti ukiwa unarekodi. Mpigie mwenzako aliye Likoni au Bamburi, atazame na apime kwa ngumi zake pia: watu wawili walio kilomita kadhaa mbali wakiona kitu kimoja kwa pembe tofauti, umbali unapatikana kwa hesabu ya pembetatu. Na video tunza ile ya asili, kwa sababu ikishapita WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa zake za ndani. Droni karibu na uwanja wa ndege ni jambo la mamlaka ya usafiri wa anga na polisi, mara moja, si la kundi la WhatsApp.

Kuna mwanga mmoja ambao hautakiwi kuchunguzwa hata dakika. Nukta nyekundu kali inayopanda kutoka baharini hadi kama mita 300, kisha ikashuka taratibu ikiwaka kwa sekunde 40 hivi, ni fataki ya dharura yenye mwavuli, na huko chini yake kuna watu wanaozama. Kumbuka upande kwa kuoanisha na alama ya nchi kavu, taja saa, na upige simu polisi au kituo cha uokoaji wa baharini cha Mombasa kabla ya kufungua kamera.